Makaratasi ya Mkopo wa Nyumba: Mwongozo Kamili kwa Mnunuzi wa Tanga

Mwongozo huu ni wa mtu anayenunua nyumba iliyokwisha kujengwa ndani ya Jiji la Tanga, iwe Sahare, Kange, Mikanjuni au kwenye barabara za namba za Ngamiani, huku sehemu kubwa ya bei ikilipwa na benki. Mtu huyo atasaini karatasi nyingi kuliko alizowahi kusaini maishani, na nyingi atawekewa mezani siku moja.

Siku hiyo si ya kusoma. Muuzaji anatazama saa, wakili ana wateja wengine nje, afisa mikopo anageuza kurasa huku akisema, "Hapa, na hapa, na hapa pia mama." Kwa hiyo kazi yote ya kuelewa ifanyike kabla. Omba nakala ya kila hati utakayosaini, na uombe siku kadhaa mapema. Benki inayokataa kukupa rasimu ukaisome nyumbani imekwisha kukueleza jambo kuhusu miaka kumi na mitano itakayofuata.

Anzia kwenye hati ya muuzaji

Kabla hujajaza fomu yoyote ya benki, omba nakala ya hati miliki ya nyumba. Ardhi yote ya Tanzania ni ya umma na Rais ndiye mdhamini wake. Anachouza mwenye nyumba ni haki ya kuikalia ardhi kwa muda ulioandikwa kwenye hati, mara nyingi miaka 33, 66 au 99. Anayenunua kwa fedha taslimu huwa hajali sana muda huo. Wewe unayekopa ni lazima uujali. Hati ya miaka 33 iliyoanza 1996 inakwisha 2029, na benki haitaweka mkopo wa miaka 15 juu ya hati iliyobakiza miaka ya kuhesabu vidoleni. Muuzaji aombe muda mpya kwanza, tena kwa gharama yake, kabla hujatoa hata shilingi ya kishika nafasi.

Usikubali kirahisi ukiambiwa "hati ipo". Wengi wakisema hati wanamaanisha barua ya toleo ya kiwanja, ile iliyozoeleka kuitwa ofa, na ofa ni hatua ya kuelekea kwenye hati tu. Wengine wana leseni ya makazi, ambayo kisheria haivuki miaka mitano kabla ya kuhuishwa. Wengine wana mkataba wa mauziano wenye muhuri wa mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Karatasi hizi zina kazi zake, lakini kwa mkopo mrefu wa nyumba benki itadai hati miliki iliyosajiliwa.

Ukishapata namba ya hati, fanya upekuzi rasmi kwa Msajili wa Hati kupitia ofisi ya ardhi ya mkoa. Unajaza maombi, unapewa kumbukumbu namba, unalipa ada, kisha unapewa majibu ya maandishi. Yasome majibu ukitafuta mambo manne: jina la mmiliki, muda uliobaki, kama kuna rehani nyingine, na kama kuna zuio au amri ya mahakama. Benki nayo itafanya upekuzi wake, lakini huo ni wa kulinda fedha zake. Wa kwako fanya mwenyewe, na uurudie siku chache kabla ya kusaini, kwa sababu zuio linaweza kuwekwa katikati ya majibu ya kwanza na siku ya malipo.

Tanga ina mitego yake miwili hapa. Wa kwanza ni nyumba za urithi. Nyumba nyingi za mjini bado zina jina la babu au bibi aliyekwisha kufariki, na wanaouza ni watoto na wajukuu waliokaa kikao wakakubaliana. Kikao cha ukoo hakihamishi hati. Anayeweza kuuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na inabidi jina lake liingizwe kwanza kwenye daftari la Msajili kwa nafasi hiyo ya usimamizi ndipo uhamisho kwako ufuate. Omba nakala ya barua ya usimamizi, iliyothibitishwa na mahakama, pamoja na ridhaa ya maandishi ya warithi wote. Shangazi mmoja aliyeko Mombasa ambaye hakusaini anatosha kusimamisha kila kitu, na mara nyingi anajitokeza wiki ambayo benki imekwisha kuandaa fedha.

Mtego wa pili ni majengo ya zamani ya katikati ya mji. Sheria ya 1971 ya kutwaa majengo ilichukua nyumba za kupangisha zenye thamani inayozidi shilingi 100,000 za wakati ule na kuziweka chini ya Msajili wa Majumba. Mwaka 1990 kazi hiyo ikahamia Shirika la Nyumba la Taifa. Kuna familia zilizokaa ndani miaka arobaini na mtaa mzima unawajua kama wenye nyumba, kumbe ni wapangaji. Ushahidi wa majirani hauna nguvu hapa. Upekuzi unamaliza ubishi.

Mwisho wa hatua hii ni stakabadhi. Kodi ya pango la ardhi hulipwa kila mwaka, na malimbikizo yake hukwamisha uhamisho, kwa hiyo dai ushahidi wa malipo hadi mwaka huu. Kodi ya jengo tangu 2021 inakatwa kidogo kidogo kupitia LUKU. Hapo angalia tu kwamba mita inahusiana na nyumba hiyohiyo na haidaiwi.

Majina, majina, majina

Linganisha herufi kwa herufi jina lako kwenye kitambulisho cha NIDA, namba ya mlipakodi, barua ya mwajiri na taarifa ya akaunti. Kwa majina yetu ya pwani tatizo hili ni la kila siku: karatasi moja imeandika Mwanahamisi, nyingine Mwana Hamisi, ya tatu Mwanahamis. Mfanye muuzaji naye alinganishe yake na ya kwenye hati. Tofauti ndogo hutibiwa kwa kiapo cha majina mbele ya kamishna wa viapo, na kiapo hicho ni rahisi kikifanywa mapema kuliko kikigunduliwa kinahitajika faili likiwa limekwisha kurudishwa kutoka ofisi ya ardhi.

Ripoti ya mthamini

Benki itamtuma mthamini aliyesajiliwa, utamlipa wewe. Ripoti yake huwa na thamani mbili: bei ya soko, na bei ya kuuza kwa haraka iwapo utashindwa kulipa. Benki huangalia sana hiyo ya pili, ambayo daima ni ndogo, na ndiyo sababu mkopo unaweza kutoka pungufu ya ulivyotarajia hata kama kipato chako kinatosha. Omba nakala ya ripoti. Hakikisha namba ya kiwanja, kitalu na ukubwa vinafanana na hati, na kwamba mthamini alifika kweli kwenye nyumba unayonunua na mawe ya mipaka yaliyo chini yanalingana na ramani.

Barua ya ofa ya benki ndiyo ya kusoma mara tatu

Watu huogopa mkataba mnene wa rehani na kuipitia haraka barua ya ofa, ile ambayo benki inakueleza masharti ya mkopo inaokupa (si ile ofa ya kiwanja), kwa sababu ni kurasa chache. Ningeshauri kinyume chake. Mkataba wa rehani ni wa kawaida kwa wateja wote na benki haitaubadilisha sana kwa ajili yako. Barua ya ofa ndiyo yenye namba zako, na ndiyo pekee unayoweza kujadiliana juu yake kabla hujasaini. Ukiisaini, mazungumzo yamekwisha.

Tafuta ndani yake kiasi cha mkopo, muda, kiwango cha riba, kama riba hiyo ni thabiti au benki inaweza kuipandisha, ada ya kuandaa mkopo, ada ya wakili, bima, adhabu ya kuchelewa, na gharama ya kulipa mapema. Kanuni za Benki Kuu za 2019 za kuwalinda watumiaji wa huduma za kifedha zinataka uelezwe masharti haya kwa uwazi kabla ya kuingia mkataba. Usione haya kuomba yawekwe kwenye ukurasa mmoja.

Kisha omba ratiba ya marejesho, mwezi kwa mwezi, mpaka shilingi ya mwisho. Bila ratiba hiyo huelewi unachosaini. Chukua mfano wa mkopo wa shilingi 60,000,000 kwa riba ya 15% kwa mwaka inayohesabiwa kwenye deni linalobaki. Kwa miaka 15 rejesho la mwezi ni karibu 839,750. Mwezi wa kwanza, 750,000 kati ya hizo ni riba. Deni linapungua kwa 89,750 tu. Baada ya miaka mitano utakuwa umekabidhi benki zaidi ya 50,000,000, na deni litakuwa bado kama 52,050,000. Hakuna aliyekuibia, hesabu ndivyo ilivyo. Lakini wengi huigundua siku wanayotaka kuuza nyumba au kuhamishia mkopo benki nyingine, wakaondoka wakilaani watu wasio na kosa.

Mkopo huohuo kwa miaka 10 una rejesho la karibu 968,000 kwa mwezi. Ni ongezeko la kama 128,000. Jumla yote unayolipa, hata hivyo, inashuka kutoka kama milioni 151 hadi kama milioni 116. Kama mshahara unabeba, na theluthi yake inabaki mkononi kama taratibu za makato zinavyotaka, omba muda mfupi. Kama haubebi, angalau pata kifungu kinachokuruhusu kuongeza malipo bila adhabu, kwa sababu shilingi ya ziada unayotoa mwaka wa pili inapunguza riba ya miaka yote iliyobaki.

Kwa anayekwepa riba, zipo benki za Kiislamu, Amana Bank ikiwa imeanza 2011, na madirisha ya Kiislamu ndani ya benki za kawaida. Makaratasi yake yana mpangilio tofauti: unasaini ahadi ya kununua, benki inainunua nyumba, kisha inakuuzia kwa bei iliyoongezwa faida inayojulikana tangu mwanzo, nawe unalipa kwa awamu. Angalia mpangilio wa tarehe. Kama mkataba wa benki kukuuzia una tarehe iliyotangulia ile ya benki kununua, uliza, maana huwezi kuuziwa kitu ambacho muuzaji hajakimiliki. Rehani na ridhaa ya mwenza vitahitajika vilevile.

Ridhaa ya mwenza

Karatasi hii ni fupi na ndiyo iliyofikisha rehani nyingi mahakamani. Chini ya Sheria ya Ardhi, Sura 113, rehani ya nyumba ya ndoa haina nguvu mpaka mwenza anayeishi humo awe amesaini au ridhaa yake ionekane kwenye hati. Sheria ya Ndoa ya 1971 nayo inakataza mwanandoa kuuza au kuweka rehani nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake wakati ndoa ipo. Mkopaji analazimika kutamka kama ana mwenza, benki inalazimika kuchukua hatua za kuhakikisha, na anayesema uongo kwa kiapo anatenda kosa la jinai lenye faini au kifungo.

Sheria imetaja mwenza au wenza. Bwana mwenye wake wawili asimlete mmoja na kumficha mwingine kwa sababu hati ina jina lake peke yake. Anayeishi na mtu bila cheti naye asikimbilie kusaini kwamba hajaoa: sheria inadhania kuna ndoa kwa watu walioishi pamoja miaka miwili au zaidi na jamii ikawachukulia kuwa mume na mke, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Aliyeachana alete talaka iliyoandikishwa au amri ya mahakama. Mjane alete cheti cha kifo.

Na upande wa muuzaji ni vivyohivyo. Mke wa muuzaji asiposaini, wewe ndiye utakayelipa rejesho la nyumba inayobishaniwa.

Kwa mwenza anayeombwa kusaini, neno moja. Dada, ukiletewa fomu jikoni na kuambiwa "ni taratibu tu za benki", usisaini hapo. Nenda mwenyewe mbele ya wakili, ulizia kiasi cha mkopo, uliza nini kitatokea marejesho yakikwama. Una haki ya wakili wako asiye wa mume wala wa benki. Maelezo kwamba ulishauriwa kwa uhuru huwa yameandikwa tayari juu ya mstari wa saini yako, na ukishasaini ni vigumu kuyakana.

Uhamisho na rehani: nani atangulie?

Hapa ndipo wengi hukwama kwa wiki. Muuzaji hataki kusaini uhamisho kabla ya kulipwa. Benki haitaki kulipa kabla nyumba haijawa na jina lako na rehani yake haijasajiliwa. Kila mmoja ana haki.

Daraja lao ni barua ya benki ya kuahidi malipo, inayoandikwa kwa muuzaji au wakili wake. Inasema kwamba uhamisho na rehani vikishasajiliwa, benki italipa kiasi fulani kwenye akaunti fulani ndani ya siku kadhaa. Muuzaji aisome kwa makini: ahadi iliyozungukwa na masharti kumi si ahadi. Kama nyumba ya muuzaji ina rehani ya benki nyingine, benki yako italipa deni hilo kwanza moja kwa moja, ipokee hati na hati ya kuachilia rehani, kisha salio liende kwa muuzaji. Katika hali hiyo dai barua ya benki ya zamani yenye kiasi cha deni na tarehe ambayo kiasi hicho kinaishia, maana riba haisubiri.

Upande wa uhamisho kuna fomu ya taarifa ya uhamisho, namba 29, fomu ya maombi ya kibali, namba 30, na hati ya uhamisho yenyewe, namba 35. Zinaambatana na mkataba wa mauziano, ripoti ya uthamini, hati halisi, picha na vitambulisho vya pande zote. Muuzaji anapeleka faili TRA kwa kodi ya ongezeko la mtaji. Kwa mkazi ni 10% ya faida, na asiye na kumbukumbu za gharama zake hukadiriwa 3% ya thamani. Nyumba aliyoishi mwenyewe kwa miaka mitatu au zaidi inaweza kupata msamaha pale faida isipozidi milioni 15. Kodi hii ni ya muuzaji. Wauzaji wengi husema "mimi nataka yangu mkononi, kodi mtajua wenyewe", na kama umekubali sentensi hiyo kwa mdomo, hesabu fedha zaidi. Ushuru wa stempu wa uhamisho, 1% ya thamani, kwa kawaida ni wa mnunuzi.

Msishawishike kuandika bei ndogo kwenye mkataba ili kodi ipungue. Mbali na kuwa kosa, benki inakopesha kwa kufuata mkataba huo, na TRA itaangalia ripoti ya mthamini.

Mkataba wa rehani una nini ndani

Mwingi huandikwa kwa Kiingereza, na lugha yake si ya dukani wala ya ofisini. Jambo la kwanza la kujua litakutuliza: kwa sheria yetu rehani ni dhamana tu, haihamishi umiliki kwenda benki. Nyumba inabaki yako, yenye jina lako, na hati inakaa kwenye kabati la benki.

Baada ya utulivu huo, tafuta kifungu kinachosema rehani inalinda madeni yote ya mkopaji, ya sasa na ya baadaye. Kwenye mikataba ya benki kifungu hiki ni cha kawaida. Maana yake ni kwamba mkopo wa biashara utakaochukua benki hiyohiyo mwaka wa tano, au udhamini utakaomfanyia shemeji yako, unaweza kukalia nyumba ileile, na ukimaliza mkopo wa nyumba hati isitoke. Omba kiandikwe kwamba rehani inalinda mkopo huu pekee. Wengine hukubaliwa, wengine hawakubaliwi, asiyeuliza hapewi.

Tazama pia vifungu vya kupangisha, kujenga na kuuza. Mara nyingi unahitaji ruhusa ya benki kwa maandishi hata kuongeza vyumba vya uani vya wapangaji.

Bima zitakuwa mbili: ya jengo dhidi ya moto na majanga, na ya maisha, inayolipa deni ukifariki. Ya maisha ina fomu ya afya. Jaza ukweli, hata kama una sukari au presha na afisa anakuambia weka "hapana" iende haraka. Kampuni ya bima huisoma fomu hiyo siku ya madai, na siku hiyo wewe haupo kujieleza. Yupo mjane wako.

Siku ya kusaini

Nenda na kitambulisho halisi, mwenza wako, miwani na nakala za rasimu ulizosoma. Kabla ya yote, linganisha rasimu na hati zilizoko mezani: kiasi, riba, muda, namba ya hati, majina. Kurasa zikiwa zimebadilika, uliza kwa nini kabla hujashika kalamu.

Wakili anayelipwa na makato yako si wakili wako. Ameteuliwa na benki na anailinda benki, hata akikuita ndugu yangu. Ukiweza, lipa wakili wako kwa saa moja ya kupitia rasimu. Na wakili yeyote anayeshuhudia saini, hakikisha kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama kwamba leseni yake ya mwaka huu iko hai.

Usisaini penye nafasi tupu. Tarehe, kiasi, jina la anayehamishiwa: visiachwe wazi vijazwe "baadaye ofisini". Palipo wazi pasipohitajika, piga mstari na utie saini ndogo pembeni. Saini mbele ya wakili mwenyewe, si mbele ya karani wake, na kila kiapo kiwe na mahali na tarehe kilipoapwa. Kama hujui Kiingereza vizuri, dai utafsiriwe kwa Kiswahili kifungu kwa kifungu. Chini ya hati huwa pana maneno kwamba umesomewa na umeelewa. Usiyasaini kama hujasomewa, hata kama foleni imefika mlangoni.

Baada ya meza kukunjwa

Hati zilizosainiwa zinalipiwa ushuru wa stempu ndani ya siku 30. Hati isiyo na stempu haipokelewi mahakamani kama ushahidi, kwa hiyo hili si la kuachia karani asiyejulikana. Kisha uhamisho na rehani vinapelekwa kwa Msajili wa Hati kwa pamoja, uhamisho ukitangulia. Rehani hushika nafasi kwa tarehe ya kusajiliwa, hivyo benki itafuatilia ya kwake kwa bidii. Wewe fuatilia uhamisho. Omba namba ya stakabadhi ya kupokelewa kwa faili, na siku kadhaa baadaye uliza ofisi ya ardhi, siyo benki pekee, limefikia wapi.

Unapoambiwa imekamilika, hati halisi itakwenda benki. Wewe ubaki na nakala ya hati ikionesha jina lako na rehani iliyosajiliwa, nakala ya uhamisho, mkataba wa mkopo na wa rehani vyenye saini za pande zote na stempu, ratiba ya marejesho, bima zote mbili, ripoti ya uthamini, stakabadhi za TRA na za ardhi, na barua ya benki inayokiri kwamba inashikilia hati yako. Hiyo ya mwisho wengi hawaiombi. Benki huungana, hubadilisha majina na kuhamisha matawi, na baada ya miaka 15 hakuna atakayekumbuka kabati lipi. Piga picha za kila kitu na mpe nakala mtu unayemwamini asiyeishi nyumba hiyohiyo.

Marejesho yakianza kusumbua, iandikie benki kabla haijakuandikia. Ikifikia kutoa notisi ya kushindwa kulipa, Sheria ya Ardhi inakupa siku 60 tangu uipokee kurekebisha, kabla deni lote halijadaiwa kwa pamoja. Andika nyuma ya bahasha tarehe uliyopokea. Na nyumba ikifika kuuzwa, benki ina wajibu wa kupata bei nzuri inayowezekana. Ikiuzwa kwa 25% au zaidi chini ya wastani wa bei za nyumba zinazofanana nayo, sheria inadhania benki imekiuka wajibu huo mpaka yenyewe ithibitishe vinginevyo. Ndiyo maana ile ripoti ya mthamini usiitupe.

Ukilipa rejesho la mwisho, deni limekwisha lakini rehani bado imeandikwa kwenye daftari la Msajili, na haifutiki yenyewe. Omba benki barua ya kumaliza deni, hati ya kuachilia rehani iliyosainiwa na kugongwa muhuri wa benki, na hati miliki yako halisi. Peleka hati ya kuachilia ofisi ya ardhi, lipa ada, isajiliwe. Kisha fanya upekuzi mmoja zaidi, kwa jina lako safari hii, na usome majibu kwenye sehemu ya rehani kabla hujaondoka dirishani.